Mbegu kuukuu za ngano zapimwa Njoro ili mkate usikosekane

UKIPITA kando ya mashamba ya utafiti ya Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, wakati ngano inapokaribia kuiva, huenda ukadhani wataalamu wa huko wamelala usingizi. Vitalu vingi vimeugua. Mabua yamejaa mabaka mekundu kama tofali, masuke yamesinyaa, na anayepita katikati ya mistari hutoka suruali yake ikiwa imepakwa vumbi la rangi ya kutu. Mkulima wa Narok au Timau akiona shamba la namna hiyo lazima akimbilie pampu ya dawa. Hapa hakuna anayekimbia, kwa sababu ugonjwa wenyewe umepandwa makusudi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini ukurasa wa afya. Linahusu sana. Baada ya mahindi, ngano ndiyo nafaka inayoliwa zaidi mijini: mkate wa asubuhi, mandazi ya saa nne, chapati za Jumapili. Kuvu wanaoshambulia ngano hutuathiri kwa njia tatu tofauti, na watu wengi huzichanganya. Baadhi ya kuvu huipunguza ngano ikawa ghali, wengine huitia sumu, na wote humlazimisha mkulima kunyunyiza dawa ambazo yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuzivuta puani. Dawa iliyo bora kuliko zote ni ngano ambayo haiugui. Ngano ya namna hiyo hutafutwa wapi? Mara nyingi hutafutwa katika mbegu kuukuu, zile ambazo wakulima wa zamani walizipanda na kuzirithisha watoto wao kabla ya kuwako kampuni yoyote ya mbegu.

Kutu ya shina

Ugonjwa unaochunguzwa zaidi Njoro ni kutu ya shina, ambayo huletwa na kuvu aitwaye Puccinia graminis. Huenezwa na spora, yaani chembe ndogo mno zinazofanya kazi ya mbegu kwa kuvu, na ambazo upepo huzibeba kama vumbi. Spora ikitua juu ya bua lenye umande, huota, hupenya ndani na kuanza kunyonya chakula cha mmea. Baada ya wiki mbili hivi ngozi ya bua hupasuka na vumbi jekundu likamwagika, tayari kushambulia mimea mingine. Maji hupotea kupitia nyufa hizo, chakula hakifiki kwenye suke, na punje hubaki nyembamba kama zilizokaushwa. Shamba lililokuwa likipendeza wiki tatu kabla ya mavuno laweza kugeuka mabua meusi yaliyolala chini.

Kwa Njoro ugonjwa huu si mgeni. Mapema katika karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alijaribu kulima ngano huko, na kutu ikamharibia mimea hata akalazimika kuajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa utafiti wa ngano nchini. Leo kituo hicho ni cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), ambalo zamani tulilijua kwa jina la KARI.

Ulimwengu mzima uligeuza macho kuelekea huku baada ya mwaka 1998. Mwaka huo nchini Uganda kutu ilionekana juu ya ngano ambayo haikutarajiwa kuugua. Ngano hiyo ilikuwa na jeni iitwayo Sr31, iliyotolewa katika nafaka nyingine iitwayo rai na kuingizwa katika ngano za nchi nyingi. Kwa miaka mingi jeni hiyo moja ilikuwa kama mlinzi ambaye hajawahi kushindwa, na wataalamu wakazoea kumtegemea. Kutu hiyo mpya ikapewa jina la Ug99. Ilionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia mwaka 2003, na baadaye ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na kufika Iran.

Mwaka 2005 Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyetuzwa Nobeli ya Amani mwaka 1970, alikuja Kenya akiwa na umri wa miaka 91 na kupiga kengele ya hatari. Borlaug alikuwa na deni la zamani kwa nchi hii. Alipokuwa akipambana na kutu huko Mexico katika miaka ya 1940, alitumia ngano za Kenya kama wazazi. Mojawapo ya aina alizozalisha iliitwa Kentana, jina lililounganishwa kutokana na Kenya na Mentana, ngano ya Kiitalia.

Kilichofuata kiliwapa wataalamu somo chungu. Mwaka 2006 kutu ya ukoo wa Ug99 ilionekana Kenya ikiwa imejifunza kuishinda jeni nyingine, Sr24, na msimu wa 2007 wakulima waliopanda aina ya Mwamba, iliyotegemea jeni hiyo, wakapata hasara kubwa. Baadaye ikatolewa aina iitwayo Robin, ambayo ilistahimili Ug99 na kupendwa sana mashambani. Mwaka 2014 ukatokea uzao mwingine wa kutu, na Robin nayo ikaanza kuugua. Kila mara hadithi ni ile ile. Mlinzi mmoja hodari huwekwa mlangoni, kuvu huzaliana kwa mabilioni, na siku moja mmoja kati ya mabilioni hayo huzaliwa akiwa na ufunguo.

Kienyeji ni nini?

Mkenya hahitaji kuelezwa tofauti ya kuku wa kienyeji na kuku wa gredi. Ngano nayo ina ya kienyeji. Kwa maelfu ya miaka wakulima wa Ethiopia, Uturuki, Iran, India, China na kwingineko walichagua masuke waliyoyapenda, wakaweka mbegu, wakapanda tena. Shamba la ngano ya namna hiyo halifanani kama gwaride. Moja ni ndefu, nyingine fupi, hii ina punje nyekundu na ile nyeupe, na kila moja hubeba urithi wake. Mavuno yake ni madogo na mabua marefu huanguka mvua ikizidi. Ndiyo maana katika karne ya 20 wakulima wengi waliziacha.

Kwa bahati njema kulikuwa na watu waliozikusanya kabla hazijapotea. Katika miaka ya 1920 na 1930 Arthur Watkins wa Cambridge, Uingereza, aliomba msaada wa mabalozi wadogo wa nchi yake waliokuwa ng'ambo, nao wakamnunulia ngano masokoni na kumpelekea. Mkusanyo wake una ngano za kienyeji 827 kutoka nchi 32, na umehifadhiwa katika kituo cha John Innes mjini Norwich. Wataalamu wa Uingereza na China walipousoma urithi wa ngano hizo zote na kutangaza matokeo mwaka 2024, waligundua kwamba ngano za kisasa zimetokana na makundi mawili tu kati ya saba ya kale. Sehemu kubwa ya urithi wa ngano, karibu asilimia 60, ilikuwa imekaa kabatini bila kutumiwa.

Mrusi Nikolai Vavilov alifika hata Ethiopia katika safari zake za kukusanya mbegu mwaka 1926 na 1927. Yeye mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943. Mji wa Leningrad ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu mwaka 1941, baadhi ya wafanyakazi wa taasisi yake walikufa kwa njaa wakilinda magunia ya mbegu ambayo wangeweza kuyapika.

Jinsi zinavyopimwa

Kuwa ya zamani si sawa na kuwa imara. Hili nalisisitiza kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kuamini kwamba kila cha kale ni dawa. Ngano iliyoishi na kutu ya Iran kwa miaka elfu huenda haijapata hata siku moja kukutana na kutu ya Njoro. Njia ya kujua ni kuzikutanisha.

Mtu angeweza kufikiri ni rahisi zaidi kupeleka kutu kule zilikohifadhiwa mbegu. Lakini hakuna nchi inayotaka kualika ugonjwa ambao haunao. Ni salama zaidi mbegu iufuate ugonjwa, ikiwa imekaguliwa na maafisa wa KEPHIS inapoingia nchini. Njoro ina sifa zote zinazohitajika. Iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ina baridi na umande wa kutosha, ngano huweza kupandwa misimu miwili kwa mwaka, na spora hazikosekani. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 makumi ya maelfu ya mbegu kutoka mabara yote yamepandwa hapo, za kisasa na za kienyeji. Ngano ya makaroni hupimwa zaidi Debre Zeit, nchini Ethiopia.

Kila mbegu hupewa mistari miwili mifupi isiyofika urefu wa mita moja. Kandokando hupandwa ngano inayojulikana kuwa dhaifu, ambayo kazi yake ni kuugua na kuambukiza wengine. Wafanyakazi huchukua spora zilizochanganywa na maji, wakazidunga kwa sindano ndani ya mabua ya ngano hiyo dhaifu, bua baada ya bua, kama muuguzi katika kampeni ya chanjo, isipokuwa hapa nia ni kuleta ugonjwa. Nyingine hunyunyizwa jioni ili umande wa usiku uzisaidie kuota. Baada ya hapo upepo humalizia kazi.

Ngano dhaifu zinapokuwa zimejaa kutu, watathmini huanza kupita mstari kwa mstari wakiwa na madaftari. Hukadiria ni asilimia ngapi ya bua imefunikwa, kisha huandika herufi inayoonyesha ukubwa wa vidonda. Mmea ulioandikiwa 80S umekwisha. Ulioandikiwa 5R una vidonto vichache ambavyo mmea umevizingira na kuvinyima chakula. Zoezi hilo hurudiwa mara mbili au tatu katika msimu, kwa sababu swali muhimu si kama ngano imeugua tu, bali imeugua kwa kasi gani.

Hapo kwenye kasi ndipo penye siri kubwa ya ngano za kienyeji. Zamani upimaji mwingi ulifanywa kwa miche midogo ndani ya vibanda vya vioo. Ni kazi ya haraka, na hutoa majibu yaliyo wazi: mche umeugua au haukuugua. Lakini kuna ulinzi ambao mche hauuonyeshi. Huamka mmea unapokuwa mtu mzima, nao hauzuii kutu kabisa ila huichelewesha. Vidonda huwa vichache na vidogo, na hadi kutu inapopata nguvu punje zimekwisha kujaa. Anayepima miche peke yake angeitupa ngano hiyo kwenye takataka.

Mfano maarufu zaidi ni ngano ya kale ya jamii ya ema iliyoitwa Yaroslav, yenye asili ya Urusi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Edgar McFadden, kijana wa shambani huko South Dakota, Marekani, aliona kwamba haiharibiwi na kutu kama nyingine, akaichanganya na ngano ya mkate. Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu jamii hizo mbili hazizaani vizuri. Kutokana na mchanganyiko huo alipata aina aliyoiita Hope, yaani Tumaini, iliyobeba jeni ambayo sasa huitwa Sr2. Jeni hiyo peke yake haina nguvu kubwa. Ikiwekwa pamoja na nyingine za aina yake, mabua hubaki na madoa machache. Imekuwa mashambani kwa karibu miaka mia moja, na Ug99 iliyoiangusha Sr31 haijaiangusha hii. Mara nyingi hujitambulisha kwa alama nyeusi kwenye makapi na mabua, alama ambayo mkulima asiyejua angeiona kuwa ugonjwa.

India nako kuna ngano ya kale iitwayo Khapli, ambayo hadi leo husagwa kwa ajili ya chapati katika sehemu za Maharashtra na Karnataka. Humo ilipatikana jeni Sr13, ambayo pia imo katika ngano za kienyeji za Ethiopia, nayo husaidia dhidi ya Ug99. Unga wa Khapli siku hizi hutangazwa kama chakula cha afya. Uwe ni mzuri au la, una gluteni kama ngano nyingine, na mtu aliyeambiwa na daktari aepuke gluteni asidanganyike na neno kale.

Na zile zilizoletwa Njoro? Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya kupima zaidi ya ngano za kienyeji 2,000 kutoka hazina ya mbegu ya Marekani. Zilizobaki imara baada ya majaribio ya kurudiwa zilikuwa chini ya 300. Wengine wataona ni chache. Kwa mzalishaji wa mbegu aliyekuwa na walinzi wachache wanaoshindwa mmoja baada ya mwingine, hiyo ni mali nyingi.

Je, kutu ina sumu?

Tuseme waziwazi: kutu ya ngano haina sumu kwa binadamu. Vumbi lake laweza kuwasumbua wenye pumu wanaofanya kazi shambani, kama vumbi lingine lolote, lakini mkate uliotokana na ngano iliyougua kutu haukuui. Madhara yake hupitia mfukoni. Punje zilizosinyaa hutoa unga kidogo, na nyingi huishia kuwa chakula cha mifugo. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na mwaka 2022, vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine, kila aliyenunua mkate alijionea jinsi bei inavyopanda shamba la mbali likitikisika. Familia inayopunguza chakula kwa sababu ya bei inapunguza afya pia.

Wasomaji wanaokumbuka mwaka 2004, watu 125 walipokufa huko Ukambani kwa kula mahindi yenye aflatoksini, wana sababu ya kuogopa neno kuvu. Lakini yule ni kuvu mwingine, anayeshamiri zaidi kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Katika ngano, kuvu wa kuogopwa kwa sumu ni Fusarium. Huyu hushambulia suke mvua inaponyesha wakati wa kuchanua, likawa jeupe kabla ya wakati wake, na punje zikapata rangi ya chaki au waridi. Huacha sumu iitwayo deoksinivalenoli, ambayo husababisha kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara. Ubaya wake ni kwamba joto la kawaida la jikoni haliimalizi. Kuoka mkate hakuigeuzi ngano mbaya kuwa njema.

Hapa pia mbegu kuukuu zimefaa. Ngano ya kisasa inayojulikana zaidi kwa kustahimili Fusarium ni Sumai 3 ya China. Mzazi wake mmoja alikuwa ngano ya Kiitalia iitwayo Funo, na wa pili ngano ya kienyeji iitwayo Taiwan Xiaomai. Hakuna mzazi aliyekuwa na sifa ya ushujaa mkubwa, ila mtoto aliwapita wote. Jeni yake iitwayo Fhb1 sasa imesambazwa katika nchi nyingi. Nayo haizuii ugonjwa wote. Huupunguza, na sumu ikapungua pamoja nao.

Jambo la tatu ni dawa. Mkulima ambaye ngano yake haina ulinzi hunyunyiza dawa za kuvu mara mbili, tatu au zaidi katika msimu. Mwenye trekta hukaa ndani ya kibanda chenye vioo, lakini mwenye eka tatu hubeba pampu mgongoni, mara nyingi bila glavu wala barakoa, na jioni humpakata mtoto akiwa na nguo zile zile. Anayenyunyiza ajifunike mikono, macho na pua, aoge na kubadili nguo kabla ya kula, na aheshimu siku zilizoandikwa kwenye chupa kati ya dawa ya mwisho na mavuno. Mlaji naye hana njia ya kuona mabaki ya dawa kwa macho. Ngano inayojilinda hata nusu humwondolea mkulima safari moja au mbili za pampu, na kwa mwenye shamba dogo hiyo ni tofauti kati ya faida na hasara.

Kutoka kitalu hadi kiwandani

Ngano ya kienyeji iliyofaulu Njoro haipelekwi moja kwa moja kwa mkulima. Ni ndefu, huanguka, hutoa punje chache, na unga wake huenda usiumuke vizuri kwa mkate wa kiwandani. Lazima ichanganywe na ngano ya kisasa, kisha watoto warudishwe tena na tena kwa mzazi wa kisasa, huku kila kizazi kikipitishwa kwenye kutu ili kuona kama ulinzi bado upo. Ndipo huja majaribio ya mavuno, ya kusaga na ya kuoka. Kazi hiyo yote huchukua miaka kama minane au kumi, ingawa kupanda mara mbili kwa mwaka hufupisha safari, na vipimo vya maabara vya kutambua jeni katika jani la mche husaidia zaidi.

Ugumu wake unaonekana ukilinganisha kalenda mbili. Mtaalamu huhitaji takriban miaka kumi kutoa aina mpya, na kutu iliishinda Robin katika muda mfupi kuliko huo. Kwa hiyo siku hizi wazalishaji hawatafuti tena shujaa mmoja. Hujaribu kukusanya jeni nne au tano ndogo ndani ya ngano moja, Sr2 ikiwa miongoni mwao, ili kuvu anayepata ufunguo wa mlango mmoja akute mingine imefungwa. Wakati huo huo mbegu nyingine za makabatini zinaendelea kupandwa katika mistari yao mifupi, zikizungukwa na ngano iliyougua, zikisubiri mtu mwenye daftari.